Namna ya Kuzoeana na Nyuki na Nyigu na Kuwashika kwa Upole

Nyuki au nyigu anayetua mkononi mwa mtu mara nyingi amefuata chumvi ya jasho au harufu ya tunda lililoshikwa muda mfupi uliopita, au amechoka na anahitaji mahali pa kusimama. Kuuma hakumo katika shughuli iliyomleta. Huuma anapobanwa, na huuma kiota chake kinapotishwa. Nje ya mambo hayo mawili ni nadra sana mtu kudungwa. Kwa hiyo anayetaka kuzoeana na wadudu hawa hahitaji ujasiri wa pekee, bali mkono usiobana na jicho linalojua kiota kiko upande gani.

Wapo wasiopaswa kujaribu. Mtu ambaye aliwahi kuumwa akavimba midomo au koo, akatokwa na vipele mwili mzima, akapumua kwa shida au akapoteza fahamu, aishie kwenye kuwatazama kwa mbali, hata kama tukio hilo ni la miaka mingi iliyopita. Mtoto naye amshike mdudu akiwa na mtu mzima pembeni, tena mtu mzima asiyeruka kwa hofu, maana mrukaji mmoja huharibu utulivu wa wote.

Wa kuanza nao

Mwiba wa nyuki na nyigu ni kiungo cha kutagia mayai kilichogeuka kuwa silaha, na kwa sababu hiyo madume hawana mwiba kabisa. Dume wa nyuki wa asali ni mwalimu mzuri kuliko wote. Ni mnene kuliko nyuki mfanyakazi, macho yake ni makubwa kiasi cha kukutana utosini, ncha ya tumbo lake ni butu, na mlio wake anaporuka ni mzito. Ukifahamiana na mfugaji wa nyuki, mwombe akutolee madume wachache kutoka mzingani, ujizoeze kumshika mmoja kwa vidole viwili kifuani, pale mabawa yalipoota, bila kuligusa tumbo. Vidole hujifunza hapo jinsi nguvu inayohitajika ilivyo ndogo: ukikaza kupita kiasi utamjeruhi, ukilegeza mno ataruka, na katikati ya hayo mawili kuna kipimo ambacho hupatikana kwa kurudia tu. Usipokuwa na uhakika kwamba uliyenaye ni dume, mhesabu kuwa ni jike.

Baada ya madume, wanaofuata kwa upole ni nyuki na nyigu waishio peke yao, na hao ndio wengi wa spishi zote za nyuki na nyigu duniani. Jike huchimba shimo lake mwenyewe ardhini au hujenga vyumba vya udongo ukutani, huviwekea akiba ya chavua, au ya buibui na viwavi waliopoozwa kwa sumu ikiwa yeye ni nyigu, kisha hutaga, huziba na kwenda zake. Hana kundi la kutetea wala ghala la asali, hivyo hana sababu kubwa ya kupigana na kiumbe mkubwa kama wewe. Nyigu wa udongo huvumilia mtazamaji aliyetulia karibu naye. Atafika na kidonge cha tope kati ya taya zake, atalibandika pembeni mwa chumba alichokianza, na wakati analisambaza utasikia mlio mwembamba, kwa sababu hutetemesha mwili ili tope lilegee na kushika. Akimaliza, huondoka bila kukujali. Kwa maoni yangu, anayeweza kukaa mbele ya ujenzi huo kwa nusu saa bila kusogea amekwisha kupata sifa kuu inayotakiwa katika kazi hii.

Wa mwisho ni wale wa kiota cha pamoja, yaani nyuki wa asali, nyigu wanaojenga viota vya karatasi, na mavu. Mmoja mmoja, wakiwa kwenye maua au kwenye maji mbali na kwao, nao wanaweza kupandishwa mkononi. Kwenye kiota chao hali ni nyingine kabisa, na tofauti hiyo huonekana wazi kwa nyuki wa asali wa savana za Afrika, Apis mellifera scutellata, ambao walipelekwa Brazili mwaka 1956, makundi kadhaa yakatoroka mwaka 1957, na vizazi vyake vikaenea hadi Marekani. Sumu ya nyuki mmoja wa aina hiyo haizidi ya nyuki wa asali wa Ulaya, na akiwa kwenye maua hana ukali wa ajabu. Tofauti ni kwamba kiota kikitikiswa hutoka wengi, hutoka upesi, na humfukuza mtu kwa umbali mrefu.

Kusoma mwili wa mdudu

Tumbo linalopanuka na kusinyaa haraka huwatisha watu wengi, wakidhani mwiba unaandaliwa. Huko ni kupumua tu. Wadudu hawa huvuta hewa kwa vitundu vilivyo ubavuni, na baada ya kuruka tumbo lao hupiga kama mvukuto. Ishara nyingine za utulivu ni kujisafisha papasi, yaani vipembe viwili vya kichwani anavyogusia na kunusia, kwa miguu ya mbele, kupangusa macho, kutembea polepole huku akigusagusa ngozi kwa papasi, na kukunjua ulimi. Nyuki mwenye mipira ya chavua miguuni ana shughuli nyingi na hatakaa muda mrefu.

Onyo nalo lina sura yake. Nyigu wa kiota cha karatasi hugeuza uso kukuelekea, hujiinua kwa miguu ya mbele na kutandaza mabawa. Nyuki wanene wenye manyoya wa jenasi ya Bombus huinua mguu mmoja wa kati na kuuelekeza kwako. Nyuki mlinzi wa mzinga huruka mbele ya uso wako kwa mlio mkali na pengine hukugonga kwa kichwa kabla ya kudunga. Ukiona mojawapo ya hayo, rudi nyuma taratibu ulikotoka. Onyo ni hisani uliyofanyiwa, na anayelipuuza hana haki ya kulalamika kwamba ameumwa bila sababu.

Mkono, nguo na pumzi

Nawa mikono kwa sabuni isiyo na harufu kali, uisuuze vizuri, na uache manukato na mafuta ya nywele kwa siku hiyo. Usile ndizi kabla ya kwenda walipo nyuki wa asali: harufu ya hatari wanayoitoa wanapodunga ina kiungo kikuu kiitwacho isoamili asetati, ambacho pia huipa ndizi mbivu harufu yake. Vaa nguo nyororo za rangi nyepesi, kwani manyoya na rangi nyeusi huwachokoza walinzi zaidi, na funga mikono ya shati na miguu ya suruali ili mdudu asipotelee ndani. Sehemu kubwa ya miumo ya bahati mbaya hutokea hivyo: mdudu ameingia chini ya nguo, mtu amejikuna au ameketi, mdudu amebanwa. Nywele ndefu zifungwe kwa sababu hiyo hiyo.

Pumzi ni jambo ambalo wengi hulisahau. Hewa inayotoka kinywani ina kaboni dayoksaidi, joto na unyevu, na kwa wadudu wanaolinda kiota hiyo ni dalili ya mnyama anayekuja kuwapora. Pumua kwa pua, geuza uso pembeni kidogo, na usimpulizie mdudu kamwe ili aondoke. Ni miongoni mwa tabia mbaya zilizoenea sana, na hata watu wapole huifanya bila kufikiri.

Chagua asubuhi yenye jua na upepo mdogo, wakati maua ni mengi. Kabla ya dhoruba, au maua yanapokwisha na chakula kuwa haba, nyuki wa asali huwa wakali zaidi mizingani.

Kumpandisha mkononi

Usimkamate. Mfanye apande mwenyewe. Tafuta nyuki au nyigu aliyetua kwenye ua na anayekunywa mbochi, mkaribie kutoka upande anaoweza kukuona, mkono ukiwa chini na ukienda polepole kuliko unavyoona inafaa. Kivuli kinachomwangukia ghafla humshtua, hivyo simama ili jua lisiwe mgongoni mwako. Weka kidole mbele ya miguu yake, kikiwa kimegusana na petali anayotembelea, usubiri. Akigusa kidole kwa papasi na kurudi nyuma, usimfuate. Akipanda, usikiinue kidole mara moja, bali mwache apige hatua chache kwanza, kisha uinue mkono wote kwa pamoja bila kuukunja.

Tone dogo la maji ya sukari kwenye ncha ya kidole husaidia sana. Nyuki hutambua utamu kwa papasi na kwa miguu, na papasi zikigusa sukari, ulimi wa rangi ya kahawia hukunjuka wenyewe kutoka chini ya kichwa na kuzama katika tone. Ukiangalia kwa karibu utaona ncha yake yenye vinyweleo ikiingia na kutoka, na tumbo likitanuka kidogo kidogo. Anapokunywa hana habari na mengine, na huu ndio wakati wa kumtazama vizuri mabawa, macho na miguu. Kumgusa mgongoni kunawezekana kwa ncha ya kidole cha mkono mwingine, kwa wepesi, kifuani tu. Lakini sioni haja ya kuharakisha jambo hilo, kwa sababu mguso mmoja usiopendeza hufuta kazi ya siku nzima.

Kanuni ya kubana hubaki ile ile muda wote. Usikunje kiganja, usiweke mkono mwingine juu, usimwache aingie kati ya vidole viwili vilivyokaribiana. Akielekea kwenye kwapa, shingo au kola, mzuie kwa kumwekea kidole cha mkono mwingine mbele yake apande hicho. Ukitaka aondoke, inua kidole kimoja kielekee juu: wadudu hawa hupenda kupanda, naye atafika kwenye ncha, atajipanga na kuruka. Asiporuka, mteremshe kwenye ua au jani.

Aliyechoka na aliyeingia ndani

Nyuki anayetambaa chini bila kuruka huenda amepatwa na baridi, njaa au uzee, maana mfanyakazi wa nyuki wa asali huishi takriban wiki 6 tu katika msimu wa kazi nyingi. Msogeze mahali penye jua kwa jani au kipande cha karatasi, umwekee karibu na kichwa tone la sukari nyeupe iliyoyeyushwa katika maji ya kiasi sawa. Usimpe asali, kwani asali ya mzinga mwingine inaweza kubeba vimelea vya magonjwa ya watoto wa nyuki, na usimmwagie tone mwilini, kwa sababu vitundu vyake vya kupumulia vitaziba. Kabla ya kuruka utamwona akitetema mabawa yakiwa yamefungwa. Anapasha joto misuli yake ya kurukia, na wakati huo usimsumbue.

Nyigu aliyenaswa dirishani hufunikwa kwa glasi angavu, kisha karatasi ngumu huteleza polepole kati ya glasi na kioo cha dirisha, ukihakikisha mguu haubaki ukingoni. Nje, elekeza mdomo wa glasi mbali na uso wako, ondoa karatasi, usimame kimya. Na kinywaji kitamu kilichoachwa wazi nje kitazamwe kabla ya kunywewa, hasa kikiwa ndani ya kopo, kwani mwiba wa kinywani au kooni unaweza kuziba njia ya hewa hata kwa mtu asiye na mzio.

Karibu na kiota, na baada ya kudungwa

Kiota cha nyigu au mavu hutazamwa kutoka mita kadhaa, pembeni mwa njia wanayopita kuingia na kutoka, bila kupiga kishindo wala kutikisa tawi kiliponing'inia. Mzinga wa nyuki hufunguliwa na mtu aliyefundishwa, mwenye mavazi ya kinga na bomba la moshi. Moshi hufifisha harufu ya hatari na huwafanya nyuki wajaze matumbo asali, lakini haufai kumpa mgeni ujasiri wa kwenda peke yake. Kundi lililohama na kuning'inia kwenye tawi huwa limetulia, kwa kuwa halina masega wala watoto wa kulinda. Hata hivyo liachwe kwa mwenye ujuzi.

Mahali pamoja tu ushauri wa kutulia hugeuka: walinzi wakianza kukushambulia kwa wingi, kimbia. Kimbia moja kwa moja, ukifunika uso kwa nguo bila kufunga macho, uingie ndani ya nyumba au gari na kufunga mlango, hata kama wachache wataingia nawe. Usijitose majini, maana nyuki huzunguka juu wakikusubiri uibuke.

Nyuki wa asali akikudunga, mwiba wake wenye vikulabu hubaki ngozini pamoja na kifuko cha sumu kinachoendelea kusukuma, naye hufa. Utoe papo hapo. Kukwangua kwa ukucha au kuuvuta kwa vidole si hoja, hoja ni kutochelewa. Kisha ondoka mahali hapo na uoshe ngozi kwa sabuni, kwa sababu harufu iliyobaki huwaita wengine. Nyigu haachi mwiba na anaweza kudunga tena, kwa hiyo mwache aende badala ya kumpiga. Kitambaa cha maji baridi hupunguza uvimbe. Kuvimba uso au ulimi, kupumua kwa shida, kizunguzungu au vipele vinavyosambaa mbali na palipodungwa ni dharura: mwenye sindano ya adrenalini aitumie bila kungoja, na apelekwe hospitali. Aliyedungwa mara nyingi kwa wakati mmoja naye apelekwe, hata kama anajisikia nafuu.

Kuwazoesha kurudi

Urafiki wa kudumu zaidi hujengwa kwa mahali, saa na chakula. Karl von Frisch, mtaalamu wa tabia za wanyama aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliwazoesha nyuki kuja kwenye kadi ya bluu yenye maji ya sukari, nao wakaendelea kuichagua kati ya kadi za kijivu hata ilipokuwa tupu. Auguste Forel, daktari na mtaalamu wa wadudu wa Uswisi, aliona nyuki wakija mezani kwake nje wakati wa kifungua kinywa kwa ajili ya jamu, na wakaja saa ile ile hata siku ambayo meza haikuwa na kitu. Weka basi kisahani kidogo juu ya kadi ya bluu au ya njano, mahali pamoja, saa ile ile, mbali na mizinga na njia za watu. Rangi nyekundu haifai, kwani nyuki hawaioni. Kiganja chako kikae mezani kando ya kisahani kwa siku za mwanzo. Baadaye hamishia tone kwenye kidole, nao watakifuata.

Tatizo la nyuki wa asali ni kwamba akipata sukari nzito hurudi mzingani na kuwachezea wenzake ngoma ya kuwaelekeza, na muda mfupi baadaye meza hujaa. Tumia sukari hafifu, kiasi kidogo, na ukiona idadi inapanda funika kisahani. Nyigu hachezi ngoma hiyo, na kwa hiyo ndiye mgeni rahisi zaidi kwa anayetaka kumfahamu mmoja. Mbali na sukari hupokea kipande kidogo cha nyama mbichi, ambacho hakili yeye, kwa kuwa kiuno chake chembamba hupitisha vimiminika tu. Hukikata kwa taya, hukizungusha kuwa kidonge na kuwapelekea watoto kiotani, nao humrudishia mate matamu. Koloni likikosa watoto mwishoni mwa msimu, utamu huo hukatika, na ndipo nyigu hujaa kwenye matunda na vinywaji vya watu.

John Lubbock, mwanasayansi wa Uingereza, alimchukua nyigu mmoja katika milima ya Pyrenees mwaka 1872 na kumzoesha kula mkononi mwake. Mwanzoni alikuwa na wasiwasi, mwiba ukiwa tayari muda wote, na mara moja au mbili alimdunga Lubbock kidogo ndani ya treni, wakaguzi wa tiketi walipofika na ikabidi amrudishe kwenye chupa kwa haraka. Baadaye alimruhusu hata ampapase, na miezi ikapita bila mwiba kuonekana, mpaka nyigu huyo alipokufa Februari 1873.

Anayewalisha awe tayari pia kuacha kwa utaratibu. Kwa siku kadhaa punguza sukari katika maji hadi yabaki matupu, kisha ondoa kisahani na kadi, uifute meza kwa sabuni. Wachache wataendelea kuzunguka pale saa yao ikifika, na kwa muda huo asiketi mtu hapo na tunda au kinywaji kitamu.